Chai ya Saa Nne

Nilipostaafu, kiwanda kilichukua kumbukumbu zangu zote za saa za kazi. Sheria ndiyo hiyo: saa walizozilipia ni zao. Katika miaka thelathini na tatu pale kiwandani nimeachiwa chai ya saa nne tu, maana mapumziko hayalipwi. Naikumbuka vizuri. Maandazi yalikuwa magumu.

Mke wangu, Mwanahawa, akatoa uvunguni fidla niliyoinunua ujanani, nikitamani kupiga taarabu. "Si ulisema ukistaafu utajifunza?"

Nikajaribu, ikalia kama paka aliyebanwa mlangoni. Badala ya kufanya mazoezi, Jumapili zangu zote nilijiandikisha ovataimu, nikajiona mjanja.

Binti yetu Saumu, mjamzito, alikuwa ameketi mkekani. "Baba, mama alipokupigia simu kazini kwamba nimezaliwa, ulisema nini?"

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tano kasorobo," Mwanahawa akajibu.

Chai ilikuwa ikiisha saa nne na nusu.

"Nililia kwa furaha, mwanangu," nikamwambia Saumu. "Nikaacha mashine, nikaja mbio."

Saumu akatabasamu. Mwanahawa aliinuka, akainama, akairudisha fidla uvunguni.