Mto wa Mzee Macharia

Jioni ya kwanza Mzee Macharia alifika na Biblia, daftari na mto wake wa kulalia. Alikuja kukesha, lakini hakuwa mjinga.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema mlangoni, wala hakucheka.

Mwenyeji wa kuponywa alikuwa Wamalwa, fundi wa boila katika kiwanda kimoja cha Thika. Wiki hiyo wazee wa kanisa walikuwa wamekwenda kwake kwa maombi. Walipopiga magoti, mmoja wao aliegemea gunia la mtama, na chupa ya pombe kali ikabingirika mpaka katikati ya chumba. Kabla mtu hajafungua mdomo, Wamalwa alisema, "Ni yangu."

Wazee hawakushangaa sana. Mwaka uliotangulia Wamalwa na mkewe Nafuna walimzika mtoto wao wa pekee, na huzuni ya namna hiyo humfikisha mwanamume popote.

Tatizo lilikuwa nyumba. Ilikuwa mali ya shule ya kanisa, na Nafuna alipewa kwa kuwa alifundisha darasa la kwanza. Mwalimu aliyemtangulia, Ephantus, alinuka pombe mara moja tu, asubuhi, na kufikia saa kumi godoro lake lilikuwa barabarani. Wamalwa hakuwa mwalimu, alikuwa mume wa mwalimu, kwa hiyo wazee walimhurumia. Walimpa siku arobaini bila tone, chini ya ulinzi. Tone likionekana, wote wawili wangehama, na mwaka ule wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari, hawakuwa na pa kuhamia.

Macharia alipewa zamu zote za usiku, maana alikuwa amefiwa na mkewe na hakuna aliyemngoja nyumbani. Kafyu nayo ilisaidia. Akishaingia saa kumi na mbili jioni, hakuruhusiwa kutoka mpaka alfajiri, hata kama angewachoka wenyeji wake.

Jumamosi alikuja mzee mwenzake Opiyo, dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya shamba la kahawa kule Ruiru, kuwaeleza ugonjwa wenyewe.

"Siku za kwanza hakuna kulala," alisema. "Ni jasho, ni kutetemeka, ni ndoto mbaya. Halafu usiku mmoja usingizi inarudi yenyewe. Ukimwona amelala fofofo bila kushtuka, shukuru Mungu. Hapo amevuka."

"Na isiporudi?" Nafuna aliuliza.

"Itarudi, mwalimu. Wewe pika chai tu, na uweke sukari mingi."

Katika kazi ya kukosa usingizi, Wamalwa hakuwa na kipaji. Saa tatu ilimkuta akisinzia, na Nafuna akimchokoa mbavu kwa mwiko.

"Mtu ameacha pombe anakoroma hivi?" Macharia aliuliza.

"Anajifanya, mzee."

"Anajifanya mpaka mate inamtoka?"

Nafuna mwenyewe hakulala kabisa. Mwanamke gani angelala na mzee wa kanisa ameketi sebuleni? Aliosha sufuria zilizokuwa safi. Alikunja nguo, akazikunjua, akazikunja upya. Chai ilipokuwa tayari, Wamalwa aliamshwa aje kuimimina, na hakukubali mtu mwingine aguse birika.

"Kwetu mwanamume hamiminii watu chai," Macharia alisema.

"Mikono yangu inataka kazi, mzee."

Macharia alilifungua daftari la kuwasomea wazee, akaandika: *Usiku wa nne. Hakunywa. Mikono yataka kazi.*

Usiku wa sita alitoa amri moja tu. "Usimjazie mkeo kikombe. Nusu inatosha."

Wamalwa alimtazama, akamimina nusu. Hakuna aliyeuliza sababu, kwa kuwa mzee wa kanisa haulizwi mambo ya vikombe.

Usiku wa tisa ndio uliokuwa mbaya. Karibu na saa tisa komeo la mlango lililia. Macharia alifumbua macho akawakuta mume na mke wamesimama mlangoni, wameshikana mikono, kila mmoja akivutia upande wake. Pombe iliuzwa nyumba ya nne kutoka pale, kafyu iwepo isiwepo. Macharia alifungua Zaburi ya mia na kumi na tisa, ambayo ni ndefu kuliko zote, akaisoma yote kwa sauti kubwa. Alipoimaliza, wawili hao walikuwa bado wamesimama, basi akaianza tena.

Usiku wa kumi na tatu alikuwa akisoma polepole alipogundua kwamba nyumba imenyamaza. Hakuna sufuria iliyogongana na nyingine. Birika lilikuwa likichemka peke yake.

Aliinua macho. Nafuna alikuwa ameegemeza kichwa mezani, juu ya madaftari ya watoto wa darasa la kwanza, mdomo wazi kidogo, mikono imetulia kwa mara ya kwanza. Wamalwa aliketi kando yake, macho mazito kwa usingizi na mashavu yamelowa machozi. Hakuthubutu hata kuliepua birika, asije akafanya kelele.

Macharia alijiinua, akaliepua yeye mwenyewe. Kisha akainama karibu na sikio la Wamalwa.

"Hebu niambie," alinong'ona. "Pombe ina ladha gani?"

Wamalwa alifikiri kwa muda mrefu.

"Tamu?" alijaribu.

Macharia aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa vizuri. Alichukua daftari, akaandika: *Usiku wa kumi na tatu. Mgonjwa amelala.* Kisha akauchukua mto wake, akauingiza taratibu chini ya kichwa cha mwalimu.