Mwenye Maiti

"Hutoki humu," Tomasa alisema, mgongo wake ukiwa umeubana mlango. "Kama ni kulia, lia hapa jikoni, ujizibe mdomo kwa shali."

"Nipishe, mdogo wangu."

"Sikupishi. Nyumba hii ni yangu pia. Ukimlilia yule uwanjani, leo tunalala nje, wewe na mimi, na mvua hizi."

Nicasia, dada yake mkubwa, hakurudi nyuma. Shuka lake la harusi lilikuwa kwapani, limekunjwa vizuri. Alisimama tu, kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Maiti alikuwa ameketishwa kwenye kiti mbele ya kanisa tangu Jumapili, amefungwa kamba asianguke. Risasi zilikuwa zimemharibu uso, lakini Nicasia alisema mle ndani kwamba ni mwanawe, Ceferino. Wahispania walitaka jina tu. Mji mzima ulijua utaratibu: anayelia ndiye mwenye maiti, na mwenye maiti huchomewa nyumba. Kwa hiyo wanawake walipita pale na vikapu vyao, macho mbele, midomo wameifumba. Ndivyo mama yao alivyopita katika vita vile vya miaka kumi, mumewe akiwa kwenye kiti kama kile. Siku hiyo Tomasa alikuwa mtoto, amemshika mama mkono. Hakusahau jinsi mkono ule ulivyokuwa mkavu.

"Mama alipita," Tomasa alisema. "Yule alikuwa baba yetu, na alipita."

"Alipita. Halafu akalala lini tena? Wewe ulimwona amelala?"

Tomasa alitikisa kichwa. "Usidhani mimi simlilii Ceferino. Mashine ya miwa ilipomkatia mbali kidole cha mkono wa kushoto, nani alimfunga? Wewe ulikuwa umezimia sakafuni. Nilimfunga mimi. Lakini amekufa, dada. Sisi bado tunahitaji paa."

"Basi kaa hapa na paa lako, na mzimu wake."

Tomasa aligeuza macho kuelekea mtoni. Kila jioni tangu Jumatatu, Nicasia alikuwa akipeleka sahani ya viazi vitamu migombani, kule chini karibu na mto, eti ya marehemu. Kila asubuhi sahani ilikutwa tupu, imefunikwa kifudifudi. Ceferino alizifunika hivyo tangu utotoni, na alipigwa kwa ajili hiyo. Na jana alfajiri, Tomasa akichota maji, alisikia mluzi: miwili ya chini, mmoja wa juu. Ceferino alikuwa akiwapigia ng'ombe wake mluzi huo, zamani za mkokoteni, kabla hajaenda msituni kupigania Kuba. Tomasa aliiacha ndoo palepale akakimbia. Watu walisema asiyezikwa hurudi kula kwao, na akishazoea, haondoki.

Aliondoka mlangoni.

"Tunakwenda wote," alisema. "Lakini akishazikwa, atuache."

"Atatuacha," Nicasia alisema. "Leo hii."

Uwanjani hapakuwa na mtu ila askari na muuza mkaa mmoja, mwanamke asiye wa mji ule, ambaye tangu Jumapili alikuwa akipita na kurudi na kikapu chake. Hakuna aliyemwona akiuza. Alipita tena sasa, macho mbele, mdomo ameufumba.

Nicasia alikwenda moja kwa moja kwenye kiti. Alipiga magoti, akaushika mkono wa kushoto wa maiti, akauviringishia kitambaa alichofungia rozari yake, akaukumbatia kifuani. Ndipo akalia.

"Ceferino Leyva. Mwanangu."

Kapteni alitoka kivulini. "Leyva? Yule aliyelipua daraja la reli?"

"Huyo."

"Una hakika, mama? Uso hana."

"Nimemzaa mimi. Uso wa nini?"

Kapteni alicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Namtafuta huko vichakani, kumbe amekaa mbele ya dirisha langu." Akamgeukia sajini, akamwagiza mambo mawili: walinzi waliokuwa wakimvizia kwenye kivuko cha mto warudi kambini, na nyumba ya Leyva ichomwe.

Makaburini, shimo lilikuwa halijafika kiunoni Tomasa alipouona moshi. Aliujua ni wao kwa jinsi ulivyopanda mweusi; makuti ya jikoni yalikuwa na masizi ya miaka. Kitanda cha mama kilikuwa mle. Kahawa yote ilikuwa mle. Askari mmoja aliyeachwa kuwalinda alikaa juu ya ukuta wa makaburi akipiga miayo.

Walimlaza maiti juu ya shuka. Tomasa aliugusa ule mkono uliofungwa.

"Uache," Nicasia alisema upesi. "Uache ulivyo." Kisha akaenda kisimani kuchota maji ya kumwosha.

Tomasa hakuuacha. Alitaka kukibusu kile kipande cha kidole alichokifunga mwenyewe, mara moja tu, kabla ya udongo. Alikifungua kitambaa.

Vidole vilikuwa vitano, vizima vyote.

Upepo ulileta harufu ya nyumba yao. Nicasia alikuwa amesimama kisimani na ndoo, hasogei, anamtazama. Askari aliruka chini kutoka ukutani.

"Kuna nini hapo?"

Tomasa alitazama moshi. Alitazama mto, upande wa kivuko. Halafu akatazama lango la makaburi, ambako yule mwanamke wa mkaa alikuwa amesimama, kikapu kichwani, macho mbele, mdomo ameufumba.

Aliufunga mkono tena, akakaza fundo.

"Hakuna kitu, bwana. Tumechoka kulia, wawili hatutoshi." Akapaza sauti kuelekea langoni. "Dada wa mkaa, tua kikapu. Njoo utusaidie kumlilia mwana wetu."

Kikapu kilianguka. Mwanamke alikuja mbio, akajitupa juu ya maiti, akalia kuliko mwenye maiti.