Kilichokaa Mahali pa Ulimi

Samaki changu tangini alipofungua kinywa, macho mawili meusi yalimtazama Mei Foong kutoka ndani.

Hayakuwa macho ya samaki. Ya samaki yalikuwa mahali pake, kushoto na kulia. Haya yalikuwa pale ambapo ulimi hukaa, na nyuma yake kulikuwa na kiwiliwili cheupe, kinene, chenye vijiguu chungu nzima, kimejilaza kama kiko kwao.

"Kiong!" aliita huku ameziba mdomo kwa kiganja. "Njoo uone uchafu huu!"

Mdogo wake, ambaye ndiye mpishi wa mkahawa, alikuja akijifuta mikono kwenye aproni. Akainama mbele ya tangi la maji ya bahari, akapiga picha kwa simu, akamtumia mvuvi aliyewaletea samaki asubuhi ile. Jibu lilirudi kwa sauti, limejaa kicheko.

"Huyo chawa wa samaki, bosi! Anaingilia mashavuni, anaufyonza ulimi mpaka unakauka, halafu anakaa yeye mahali pake. Anakula humohumo, ananya humohumo."

"Aka! Zima hiyo," alisema Mei Foong, mate yamemjaa mdomoni. "Mtoe huyo samaki upesi, kabla Bibi Thien hajafika."

Lakini Bibi Thien alikuwa ameshafika, anavua viatu vya mvua mlangoni.

Mji wote wa Sandakan unamjua kikongwe huyu kwa kinyaa chake. Siku hiyo alikuja kuonja, ili aamue kama harusi ya mjukuu wake ifanyike hapa au kwenye ile hoteli mpya iliyowapokonya wateja wote. Mei Foong asipoipata harusi hii, mkahawa aliouacha marehemu baba yao unafungwa. Hakuna njia nyingine.

Bibi alisuuza vikombe kwa chai ya moto, kama wanavyofanya wateja wote wa huko. Halafu akasuuza tena. Vijiti alivifuta, akavinusa, akavifuta upya. Kisha akajikongoja hadi kwenye tangi, akabandika pua kwenye kioo na kukaa pale muda mrefu, huku Mei Foong akiomba kimoyomoyo changu yule afumbe kinywa.

"Huyu hapa," alisema bibi.

Fimbo ilikuwa inamwonyesha yuleyule.

"Bibi yangu, huyo kakonda. Tazama yule wa pembeni, mnofu mtupu..."

"Macho ninayo. Nimesema huyu. Mpikeni na kichwa chake, na msinichokonolee kitu."

"Jamani Bibi, nani atakupikia wewe samaki asiye na kichwa?" Mei Foong alicheka kicheko cha kujilazimisha, akaingia jikoni na samaki anapapatika ndani ya wavu.

Kiong alimuua changu, kisha akarudi nyuma mikono juu. "Hapo mimi basi, dada. Nina mke wa kumbusu."

Mei Foong akashika koleo mwenyewe. Kile kidudu kiling'ang'ania. Alivuta, kikavutika, kikachomoka kwa mlio wa kufyonza, na mayai ya rangi ya usaha yakamchuruzikia kidoleni. Loo! Alikimbilia chooni, akakitupa, akavuta maji, akatapika, akavuta tena. Aliosha mikono kwa sabuni ya vyombo mpaka ngozi ikawasha. Shimo lililobaki kinywani mwa samaki akaliziba kwa kishada cha giligilani.

Changu alipikwa kwa mvuke na tangawizi, akatoka ananukia vizuri. Mei Foong alimtenga mezani kwa mikono yake, kichwa kikimwelekea mzee, akasimama kando kusubiri.

Bibi Thien hakugusa mnofu. Alichomoa giligilani kwa vijiti, akachungulia kinywani, akachokoa, akachungulia tena. Akaviweka vijiti chini.

"Yuko wapi?"

"Nani, Bibi?" aliuliza Mei Foong.

"Usinifanye mtoto! Yule chawa. Nimemwona mwenyewe kwenye tangi, mnene, ana mayai. Tangu mume wangu aache kuvua sijamtia mdomoni." Kikongwe alivuta fimbo yake, akasimama kwa hasira. "Harusi naipeleka hotelini. Sipikiwi na watu wanaodokoa tonge la mzee."