Kichwa cha Sekela

Siku hizo kila mji mdogo ulikuwa na mtu wake aliyebebeshwa kichwani historia na jiografia yote ya mahali. Kule Kabungwe, mji wa milimani, mtu huyo alikuwa Sekela, mke wa Ambonisye fundi seremala. Wageni walitoka mbali kuja kumsikiliza.

"Mto Lusisi ulipita hapa penye soko," aliwaambia bila kusita. "Mafuriko yakauhamisha, watu wakapanda mlimani na miche yao ya kahawa. Kanisa la kwanza lilikuwa la mianzi, likaungua siku ya harusi."

Ambonisye alimtazama kwa fahari. Wageni walipoondoka, binti yao Tusajigwe, mjamzito wa mimba yake ya kwanza, akaketi karibu.

"Mama, niambie nilivyozaliwa."

"Mvua ya mawe ilinyesha," Sekela alijibu papo hapo. "Daraja lilikatika. Ambonisye seremala akambeba mkewe mgongoni, akavuka naye maji mpaka zahanati. Mtoto akazaliwa salama. Migomba yote ya bondeni ililala."

"Na huyo mkewe, alijisikiaje aliponipakata?"

Sekela alitafuta kichwani, mlimojaa mambo ya mji tu, yake mwenyewe yakiwa yamekosa nafasi. "Hilo halimo," alisema.

Ambonisye akamshika mkono. "Ulicheka, mama Tusa. Ulicheka huku unalia, ukakataa nimguse mtoto mpaka ninawe mikono."

Sekela alimsikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Ahsante sana, fundi," alisema. "Nitaiweka pamoja na habari nyingine za mji."