Picha Kichwa Chini

Miaka ishirini Mwanakheri alikuwa akichora vichwa kwenye kuta za vinyozi, na mji mzima ulimsifu. Lakini kila alipojaribu kumchora marehemu mumewe, karatasini alitokea kijana yuleyule wa ukutani kwa kinyozi, kanyolewa panki, mashavu yanang'aa. Karatasi ya nne aliikunjakunja akaitupa.

"Wifi, hebu ona hii," alisema Sikudhani, dada wa marehemu, akimsogezea simu. Kwenye video, mwanamke wa nchi ya mbali aligeuza picha kichwa chini, akaichora vilevile ilivyogeuka. "Anasema mkono ukijua unachora pua, utachora pua uliyoizoea. Ukiigeuza picha, unabaki na mistari tu."

"Mambo ya mtandaoni hayo!"

"Wewe jaribu. Karatasi si unazo?"

Mwanakheri akaguna, lakini akaigeuza picha ndogo ya pasipoti ya mumewe, akashika penseli. Safari hii hakumtafuta mume. Alifuata mstari uliopinda, kisha kivuli, kisha kikunjo ambacho hata hakujua ni cha wapi. Sikudhani, aliyekaa ng'ambo ya meza, alikuwa akipiga soga. Mara akanyamaza.

"Mbona kimya, wifi? Nimeharibu tena?"

Upande aliokaa Sikudhani, sura ilikuwa imesimama sawasawa. Aliitazama, akatabasamu, kisha taratibu akavuta kanga yake kujifunika kichwa, kama alivyozoea kila kaka yake alipopiga hodi.