Masafa ya Undugu

Kisheria, ndugu ni yule ambaye jeti ya familia inamfikia bila kutua njiani kujaza mafuta, tena familia nzima ikiwa ndani. Aliye mbali zaidi ya hapo si ndugu: simu yake haiingii, na akifa humziki.

Jeti ya Kokushubila, pale Mtwara, ilikuwa ndogo na imechoka. Injini mpya hawakuiweza. Iliyopo ilikuwa inawamaliza kwa mafuta na vipuri. Mumewe, Chilumba, alikuwa ameshang'oa zulia, meza na choo ili ipungue uzito. Mkaguzi wa mwaka alipowapima uzito wote watatu, wao na binti yao, mama yake Kokushubila, kule Bukoba, alibaki kuwa ndugu kwa ziada ya kilomita nne tu.

"Binti yenu anakua," mkaguzi alisema, akimtazama Asimwe wa miaka tisa. "Mwakani sijui."

Jioni ile bibi alipiga simu. "Mjukuu wangu anakula?"

"Anakula vizuri, mama."

"Mlishe huyo. Mara ya mwisho alikuwa kama ufito. Mkija nitamfungia mkungu mzima wa ndizi."

Kokushubila alicheka, akaaga, akarudi mezani. Chilumba hakuwa amegusa chakula chake. Asimwe alifuta sahani kwa kidole, akaisukuma mbele.

"Mama, niongeze."

Sufuria ilikuwa bado na wali wa kutosha. Kokushubila aliitazama, akamtazama mumewe, naye akainamisha uso. Kisha Kokushubila akaifunika sufuria.

"Umeshiba, mwanangu," alisema.