Asiyebonyeza Namba

Faksi ilipotoka, Bi Okuda aliiwahi kabla Hasebe hajanyanyuka kitini.

"'Morio, baridi imeanza,'" aliisomea ofisi nzima. "'Umevaa fulana ya ndani?' Haya Bwana Hasebe, mjibu mama. Umevaa?"

Watu wa mauzo waliangua kicheko. Morio Hasebe alikuwa mkuu wa maagizo katika kampuni ya mchuzi wa soya mjini Takaoka, mtu mzima mwenye mvi. Uso ulimwaka.

"Kwani hawezi kupiga simu, kama mama za wenzako?" Bi Okuda aliuliza.

"Amezoea kuandika," Hasebe alisema, akamnyang'anya karatasi na kuikunja. "Watu wa zamani unawajua."

Wiki hiyohiyo alimwendea bosi. Alisema maagizo ya wateja yanachanganyika kwenye mashine moja. Afadhali wanunue seva ya faksi, kila mtu apokee zake kwenye kompyuta yake. Mama hakumtaja.

Fundi akaja, binti mmoja mchangamfu aitwaye Igarashi.

"Nataka kompyuta isiyozimwa wala kupewa kazi nyingine," alisema. "Modemu inayoijua faksi, maana nyingine ni za intaneti tu. Laini ya simu ya peke yake. Halafu programu kwenye kila meza. Anayetuma atasikia sauti ikimwomba namba ya mtu anayemtaka. Akisikia mlio, abonyeze, karatasi ipite."

"Na asiyebonyeza?"

"Yake naweza kuiacha itokee kwenye printa ya ofisi. Wengi hupenda hivyo."

Hasebe aliitazama printa. Ilikuwa ubavuni mwa Bi Okuda.

"Hapana. Simu ikatike."

"Una hakika, bwana? Kuna watu itawasumbua."

"Ikatike."

Jioni alimwandikia mama namba yake mpya ya kubonyeza sauti ikimaliza kusema, kwa tarakimu kubwa.

Mtambo ulifanya kazi vizuri, na bosi alimsifu mbele ya wote. Maagizo ya wateja yakawa yanaingia kwenye kompyuta ya Hasebe bila kelele. Faksi za mama hazikuja. Mwanzoni alipumua. Kisha akaona haya kwamba amepumua.

"Mama kakununia?" Bi Okuda aliuliza, safari hii bila mzaha. "Nimezimisi fulana zake."

Hasebe aligeukia kompyuta yake. Alituma faksi nyumbani: Mama, mbona kimya? Akatuma nyingine. Hakuna kilichorudi. Alijiambia kwamba mama amejua, kwamba kwa namna fulani amehisi mwanawe anamficha kama doa kwenye shati.

Jumamosi alipanda treni. Njiani alipanga maneno ya kuomba radhi, akayapangua.

Mlango haukufungwa. Aliingia bila kubisha, akavua viatu, akapita sebuleni. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya faksi, mgongo kwake. Karatasi zake zilikuwa zimetapakaa mikekani, zote zimeandikwa na hakuna iliyofika: figili nimekuwekea, tumbo limetulia?, namba naibonyeza mwanangu lakini inakataa.

Alipiga tena. Kisha akaweka kiganja juu ya mashine, akafumba macho, akingoja vidole vimwambie lini ile sauti imemaliza kusema, sauti ambayo yeye, kama sauti nyingine zote, ya mwanawe ikiwamo, hakuwahi kuisikia tangu azaliwe.